Racho na Fomu ya Ng'ombe Wenye Kiu

Binti yangu Racho ana tabia mbili ambazo zikikaa ndani ya mtu mmoja humchosha, na humchosha zaidi mama yake. Hawezi kuiacha nafasi ya fomu ikiwa tupu, na hawezi kuijaza kwa uongo.

Tulihamia mtaa wa Kiwanjani hapa Isiolo akiwa na miaka minne, baada ya mifugo yetu ya Kulamawe kuisha. Alipofika darasa la tano alikuwa tayari mwandishi wa mtaa mzima. Watu walikuja na barua zao na fomu zao, wakaketi juu ya debe mlangoni pangu wakimngoja atoke shule. Siku moja mzee mmoja alitaka aandikiwe kwamba alizaliwa mwaka wa 1930.

"Nani alikuambia?" Racho akamuuliza.

"Karani wa zamani."

"Na mama yako alisema ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa ukame ulioua punda."

Racho akaandika hivyo hivyo, mwaka wa ukame ulioua punda. Fomu ikarudishwa. Mzee alicheka wiki nzima, hakuwa na kinyongo. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, nikiwaza mtoto huyu ataajiriwa na nani.

Mimi nimesoma ngumbaru tu, tena nikiwa mtu mzima. Barua naisoma polepole, lakini fomu hunitia baridi. Ndiyo maana alipokuja likizo ya Aprili mwaka wa 1983, akatoa fomu ndefu kwenye begi na kuitandaza juu ya kitanda, nilikaa mbali nayo.

Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu upande wa Meru, na alikuwa katibu wa klabu ya nyimbo na maigizo. Prinsipali wao alikuwa ametangaza kwamba kuna mfuko huko Nairobi unaosaidia vyuo kuandaa maonyesho. Kila chuo kilipewa fomu moja, basi. Kwaya iliitaka. Racho akasimama mkutanoni akaomba fomu hiyo iwe ya watu wa kisima wa Kulamawe, wale wanaoimba wakipandisha maji, ili wanafunzi waone kazi isiyofanyika bila wimbo. Akawashinda kwa maneno. Watu wa kwaya wakamwambia waziwazi kwamba ombi lake likikataliwa, klabu itafungwa, na yeye ndiye atakayesimama mbele ya prinsipali kueleza.

Alinisimulia hayo akicheka. Mimi sikucheka. Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyewahi kufika chuo, na nilijua jinsi mtu wa kwanza anavyotazamwa.

Fomu ilikuwa karibu imejaa, na muhuri wa chuo ulikuwa umeshapigwa chini. Mahali palipoandikwa vifaa vinavyohitajika, alikuwa ameandika: Hakuna. Alijua watu wa kisima huja na mikono yao na ndoo zao za ngozi tu. Kilichobaki ni kupata kauli ya mjomba wake, ndugu yangu Golicha, ambaye ndiye aongozaye wimbo. Tukapanda lori la unga mpaka Kulamawe.

Golicha amekuwa akishuka kisimani tangu utoto wake. Wanaume husimama ndani ya shimo mmoja juu ya mwingine, na ndoo hurushwa kutoka mkono hadi mkono mpaka juu kwenye hori ya udongo. Wimbo ndio unaouambia mkono wakati wa kupokea. Tulimkuta nje ya nyumba yake akinywa chai ya maziwa.

"Salaam aleikum, abuya," Racho akamwamkia. Ndivyo sisi Waborana tunavyomwita mjomba.

"Aleikum salaam. Umekonda. Huko wanawalisha nini, karatasi?"

"Na maharagwe, abuya."

"Ndiyo maana."

Akamweleza yote. Golicha alikubali lori, akakubali wanaume wanane, akakubali hata kutazamwa na wasichana waliovaa sketi fupi. Kisha akauliza, "Na ng'ombe ni wa nani?"

"Ng'ombe gani?"

"Wa kunywa."

"Hakuna ng'ombe, abuya. Mtaimba tu, na ndoo tupu mkononi."

Golicha akaweka kikombe chini. "Racho, wimbo ule ni wa kumwita mnyama. Ukimwita akaja akakuta hori kavu, siku nyingine utamwita na hatakuja. Baba yangu alimchapa mtu fimbo kwa kuuimba njiani akitembea."

"Lakini ng'ombe hawatakuwapo wasikie."

"Na mimi? Mimi nitasikia."

Nikaingilia. "Ndugu yangu, ni dakika ishirini tu."

"Abiba," akaniambia, "uongo wa dakika ishirini ni mrefu sana. Jaribu kuusema bila kupumua uone."

Hakupandisha sauti. Alimwongezea Racho chai, akamuuliza habari za masomo, na jambo la wimbo hakulirudia.

Njia nzima ya kurudi Racho aliisoma fomu yake upya. Mimi nilikuwa nikipanga. Tulipofika nyumbani nikamwambia aiache fomu ilivyo, aipeleke, na lori likishalipiwa mjomba wake atakuja tu, maana ndugu yangu najua hasira zake hazilali siku mbili. Nililisema hilo mimi, niliyemchapa alipokuwa na miaka saba kwa kudanganya juu ya kipande cha sukari. Hofu humfanya mzazi aseme maneno asiyoyafundisha.

Jirani yetu Natabo, Mturkana anayeuza makaa, alikuwa mlangoni akisikiliza.

"Andika ng'ombe," akasema. "Halafu andika na simba wa kuwafukuza. Nairobi watalipa, wanapenda simba."

Racho akachukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya neno Hakuna, akatia sahihi yake kando. Chini yake akaandika: hori moja ya udongo, tutajenga wenyewe; maji mapipa matatu; ng'ombe wanne kutoka shamba la chuo, wasinyweshwe tangu asubuhi. Nikaona mkwaruzo ule karibu na muhuri wa chuo.

"Watadhani unawachezea," nikamwambia.

"Mama, nikiandika hakuna, na abuya akakataa kufungua mdomo mbele ya watu, hapo nani atakuwa amechezewa?"

Bahasha nilipewa mimi niipeleke posta. Nilisimama mbele ya sanduku muda mrefu hata mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Kisha nikaitumbukiza.

Jibu lilifika chuoni mwezi wa sita, na Racho akaniandikia. Mfuko haukukataa wala kukubali. Uliuliza swali moja: je, ni lazima ng'ombe wawe na kiu? Habari ilienea chuo kizima. Watu wa kwaya wakawa wakimpita kwenye bwalo la chakula wakilia kama ndama. Prinsipali alimwita, akamuuliza kama anajua jina la chuo liko kwenye karatasi ile. Racho akajibu mfuko kwa mstari mmoja: Ndiyo, ni lazima, kwa sababu asiye na kiu haitwi.

Wakatoa ruzuku. Lakini walisema afisa wao atakuja kutazama, na kwamba misaada ya chuo hicho siku za usoni itategemea atakachokiona. Niliposoma hayo katika barua yake niliyarudia kwa kidole mara tatu, nikitumaini nimekosea.

Siku ya onyesho, Jumamosi moja mwezi wa saba, nilisafiri na wanaume wa Kulamawe kwenye lori. Golicha, aliyekubali aliposikia kwamba ng'ombe watakunywa, alikuwa ametangulia siku mbili kujenga hori juu ya ukingo wa uwanja. Mapipa yaliwekwa chini, na wanaume wakajipanga kwenye mteremko mmoja juu ya mwingine. Ng'ombe wanne weusi kwa weupe, wanene, waliletwa na mchungaji wa shamba la chuo.

"Mzee," mchungaji akamwambia Golicha, "hawa wanasikia Kimeru tu."

"Basi waambie kwa Kimeru kwamba maji yako njiani."

Wimbo ukaanza. Ndoo zikaruka. Kule Kulamawe ng'ombe wangekuwa wamefika mbio, wakisukumana. Hawa walisimama wakicheua, wakatutazama kama watu waliokosea nyumba. Kutoka upande wa kwaya sauti ya ndama ikasikika, kisha nyingine, kisha kicheko kikapita uwanja mzima. Afisa wa mfuko, mtu mwembamba mwenye faili, alitazama saa yake. Prinsipali alitazama viatu vyake.

Racho alisimama pembeni, mikono nyuma. Nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo niliviona vidole vyake. Alikuwa akikivuta kidole cha mwisho kama alivyokuwa akikivuta akiwa mtoto mgonjwa.

Golicha hakukimbiza wimbo. Ndoo ya kwanza ikamwagwa kwenye hori, na ya pili, na ya kumi. Katikati ya wimbo, bila kukosa kupokea ndoo, akamgeukia mchungaji.

"Yule wa mbele anaitwa nani?"

"Kanini."

Akalitia jina hilo ndani ya wimbo, kama wafanyavyo kisimani kwa ng'ombe wa kila mwenye zamu. Kanini, maji haya. Kanini, njoo. Wanaume waliokuwa chini wakalipokea. Ng'ombe yule akaacha kucheua. Akainua pua, akavuta hewa ya maji yaliyokuwa yamefika kwenye udongo, akaanza kutembea bila haraka. Wenzake wakamfuata. Alipotia mdomo ndani ya hori, uwanja ulikuwa kimya hata nikasikia anavyomeza.

Dakika ishirini zilipita, na nyingine zikapita. Hakuna aliyethubutu kuwaambia waache. Waliimba mpaka wa nne akainua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni, na hapo Golicha akakata wimbo palepale, kama mtu anayefunga mlango.

Afisa alimwendea Racho. Nilisogea, nikijifanya naokota kitu.

"Ofisini tulibishana juu ya ng'ombe hawa," akamwambia. "Mwenzangu alisema mwanafunzi huyu anatucheka. Mimi nilisema mtu anayetucheka hawezi kuandika kwamba hori watajenga wenyewe."

"Nilikuwa nimeandika hakuna," Racho akasema. "Nilikosea."

"Niliona. Ulikata kwa rula." Akafungua faili, akaandika kitu, akampa prinsipali asome. Prinsipali alisoma, akamwambia Racho awaambie watu wa klabu waanze kufikiria onyesho la mwakani, na kwaya nayo isiachwe nje.

Racho akashukuru kwa adabu. Kisha akaja nilipokuwa, akaketi kwenye nyasi na sketi yake nzuri, akaegemeza kichwa kwenye goti langu. Ndipo nilipoona kwamba tangu wimbo uanze nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kilichojaa, na chai imepoa mpaka imefanya utando juu. Nikainywa hivyo hivyo.