Tangi Nililomjazia Baba Mkwe

Kosa langu lilianza kwa adabu. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia mtu ameharibu gari la baba mkwe wake, wanafikiria pombe, au mbio, au wasichana. Mimi sikuwa nimekunywa, sikulikimbiza, na aliyekaa kando yangu alikuwa mke wangu mwenyewe, na mtoto wetu wa kwanza amemlalia mapajani. Nilichofanya ni kurudisha gari la mtu likiwa na tangi lililojaa.

Baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Ishiara, kule chini Mbeere. Gari lake lilikuwa la Kifaransa, rangi ya maziwa, na alilinunua likiwa limeshatumiwa na wengine. Alilitunza kuliko sisi wengine tunavyotunza ng'ombe wa gredi wa maziwa mengi. Petroli hakununua Ishiara hata siku moja. Alikwenda mpaka Embu mjini, kwenye kituo kimoja tu alichokiamini, akajaza, akarudi. Watu walimcheka kwamba anachoma petroli kwenda kutafuta petroli. Yeye aliwajibu kwamba gari halina mdomo wa kulalamika. Likilishwa uchafu linameza tu, na siku utakayojua ni siku ya mazishi.

Tena alikuwa na dawa. Ilikuwa chupa ndogo aliyoinunua Embu kwenye duka la vipuri, na aliimimina ndani ya tangi kila alipofikisha kujaza mara nne. Alisema inaosha masizi kwenye kabureta na kwenye valvu. Ili asikosee hesabu, aliweka kopo ndani ya gari. Kila akijaza, anatupia humo punje moja ya njahi, yale maharagwe meusi. Punje zikifika nne, anamimina dawa, anazitoa zote, anaanza upya. Ualimu haustaafu.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya ushirika mjini Meru, na nilijiona mtu wa kisasa. Kwangu petroli ilikuwa petroli, na dawa ya gari ilikuwa njia ya kuwachezea shere wazee wenye pensheni. Sikumwambia hivyo. Kwa watu wetu, mkwe hasemi ovyo mbele ya baba wa mke wake, na mbele ya mama mkwe ndiyo kabisa: yule mama alikuwa akiniona kwa mbali anapita njia ya nyuma ya ghala, na chai yangu ililetwa na watoto. Heshima hiyo niliipenda. Baadaye niliitumia kama mahali pa kujificha.

Dada yangu alikuwa anaolewa kwetu Kianjai, na nyumbani walitaka bibi harusi apelekwe kanisani kwa gari la maana. Nilimtuma mke wangu akaombe, maana mimi nisingeweza kufungua kinywa. Mzee alikubali bila maneno mengi. Siku niliyokwenda kulichukua, alinikabidhi funguo akanipa sharti moja.

"Petroli usiweke," alisema. "Nimejaza mwenyewe jana. Itawapeleka na itawarudisha. Ikibaki tone moja, niletee hilo tone."

Harusi ilikwenda vizuri. Lakini gari likiwa moja na shughuli ni nyingi, lilifanya kazi ya punda: kuleta keki, kuleta mchungaji, kurudisha shangazi wa Kiirua aliyekataa katakata kulala ugenini. Siku ya kuondoka, mshale ulikuwa umeshuka mpaka robo ya tangi. Mama yangu akaja dirishani akaniuliza kama nitalirudisha hivyo.

"Mwenyewe alisema nisiweke," nikamwambia.

"Angesema nini? Angekuomba?" Alinitazama kama mtu aliyezaa mjinga. "Kiondo cha watu hakirudi kitupu. Wewe unataka wakwe waseme mwanangu alilelewa wapi?"

Hilo ni jambo ambalo kwetu halihitaji kufundishwa. Ukiletewa unga kwa kiondo, utakirudisha na chochote, hata ndizi mbili. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kama kumtukana. Nikaamua nitajaza. Lakini hapa ndipo majivuno yalipoingia, na hayo si ya mama, ni yangu. Meru mjini nilipita vituo vya petroli viwili vizuri kabisa, nikavipita makusudi. Nilijiambia kwamba nikijaza hapa, nitafika Ishiara mshale umeshuka tena. Nilitaka mzee awashe gari aone mshale umegusa juu. Basi nikasubiri nikaribie.

Ukishateremka kule chini hapakuwa na kituo. Tulipofika soko moja dogo, saa moja hivi kabla ya kufika kwa wakwe, nilimkuta mtu mwenye pipa nyuma ya duka, anapima kwa debe na faneli. Alipoinua debe la kwanza, harufu ilinifikia.

"Mbona hii inanuka mafuta taa?" nikauliza.

"Ni hili debe tu. Jana tulipimia watu mafuta taa. Petroli yenyewe ni ile ile ya mjini."

Mke wangu alinitazama. Alikuwa binti wa mwalimu yule, amekulia ndani ya sheria zile. "Tumpelekee tu ilivyo," alisema. "Baba hatajali."

Nilimwambia mtu yule ajaze mpaka mdomoni. Naandika hili nikiwa mzee na bado uso unawaka. Pua yangu ilijua. Sikudanganywa na mwenye pipa; nilimsaidia anidanganye.

Mzee alikuja kulipokea gari lake, akakaa, akawasha, akauona mshale. Uso wake ulilainika. Aliniambia asante, na kwamba nimelelewa na watu. Kisha akauliza, bila hila yoyote, nimejaza wapi.

"Meru mjini, Baba. Kile kituo kikubwa."

Hakujiuliza mbona mshale haukushuka njiani; akatoa punje ya njahi mfukoni, akaitupia ndani ya kopo. Mke wangu alikuwa anamshusha mtoto. Alinisikia, akainama kumfunga mtoto viatu. Hivyo ndivyo nilivyomfanya na yeye kuwa mwongo nyumbani kwao.

Hazikupita wiki mbili habari ikanifikia ofisini. Gari lilikuwa limeanza kugonga kwenye mlima, likatoa moshi, na mzee, ambaye alikuwa na mgonjwa wa jirani anampeleka Embu, akalilazimisha mpaka likanyamaza. Mgonjwa alipata lori, akafika, akapona. Hilo Mungu aliniondolea. Gari lilivutwa kwa mnyororo mpaka kwa fundi wa Embu, na mzee akaomba niende, kwa kuwa mimi ndiye kijana msomi aliyekuwa karibu.

Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya gereji, kopo mkononi. Alinionyesha. Ndani mlikuwa na punje sita.

"Sita," alisema. "Dawa ilikuwa iwekwe kwenye nne. Nimezipita mbili, na kila mara nilizitia kwa mkono wangu huu. Nimesahau kabisa."

Nilidhani anasikitikia gari. Akaendelea polepole, na sauti yake haikuwa ile ya mwalimu mkuu. Aliniambia kwamba mama yake alianza hivi hivi. Kwanza alisahau chumvi, baadaye akasahau njia ya mtoni, na miaka yake ya mwisho alimwita yeye, mwanawe wa pekee, kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Alisema jambo hilo ndilo peke yake alilokuwa akiliogopa duniani.

Kisha akaenda kunywa chai, na fundi akaniita ndani. Injini ilikuwa imefunguliwa. Pistoni moja ilikuwa imetoboka, na plagi zilikuwa nyeusi tii. Alichovya kitambaa ndani ya tangi akaniwekea puani.

"Hii ni mafuta taa, bwana. Imechanganywa mingi sana. Hiyo ndiyo imeua injini."

Nikamuuliza kuhusu dawa. Nilijua ninachotafuta: nilitaka aniambie ni dawa.

Fundi alicheka. "Dawa ni nzuri, usikie. Ile petroli safi ya mjini yenyewe inaacha masizi, na dawa inasafisha pole pole. Angalia hizi valvu: gari mzee hivi na ziko hivi! Huyu mwalimu anajua kutunza. Lakini dawa ni kama kupiga mswaki. Ukisahau siku mbili, jino haing'oki. Na ukikunywa sumu, mswaki haitakusaidia." Akafuta mikono. "Mwambie mzee si makosa yake. Kuna mtu amemuuzia mafuta mbaya. Mimi nikimwambia atasema natafuta kazi. Wewe ni mkwe, wewe atakusikia."

Nilitoka nje. Mzee alinyanyuka kwenye benchi na kikombe chake, akaniuliza fundi anasemaje. Maneno yalikuwa tayari, nimepewa na mtu mwingine, sikuwa na kazi ila kuyafikisha. Lakini mafuta taa yakitajwa, swali linalofuata ni yametoka wapi, na tangi la mwisho lilikuwa langu.

"Anasema injini imechoka, Baba," nilisema. "Na dawa ilichelewa."

Hayo maneno matatu ya mwisho hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kuishia kwenye kuchoka. Niliyaongeza ili mlango ufungike vizuri.

Gari halikutengenezwa. Lakini wala si gari ninalolilia. Mwezi huo huo mzee alijiuzulu uenyekiti wa mradi wa maji, uliokuwa kazi ya mikono yake. Walipombembeleza, aliwaambia kwamba mtu anayesahau chupa moja hawezi kukumbuka mabomba ya watu. Akaacha kusoma Neno kanisani, asije akaruka mstari. Funguo za ghala akampa mkewe. Mke wangu akitoka kumtembelea alinihadithia, akiangalia kando: baba sasa anauliza mara mbili kama amefunga mlango, baba hasafiri tena peke yake, baba amekataa kununua gari lingine ingawa wanawe walitaka kumchangia.

"Mwambie," alinisihi mara ya kwanza. Mara ya pili alisema, "Usipomwambia wewe, mimi siwezi. Wewe ni mume wangu." Mara ya tatu hakusema.

Nilimpelekea zawadi badala ya ukweli. Nilimnunulia koti, redio, mbuzi wa maziwa. Kila Krismasi nilirudi na kiondo kilichojaa. Miaka tisa ilipita hivyo, na katika hiyo miaka tisa sijui aliposahau jambo lolote. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Aliyekuwa akimwambia vingine ni mimi, na mimi alikuwa ananiamini.

Siku iliyonishinda ilikuwa ya kawaida tu, siku ya ubatizo wa mtoto wa shemeji. Wajukuu wote walipangwa mstari uani ili wamsalimie babu. Alianza kuwaita kwa majina, mmoja mmoja, akishika kila kidole chake anapotaja. Jasho lilimtoka. Walikuwa kumi na mmoja, na wote aliwapatia. Alipomaliza akamgeukia binti yake, mke wangu, akamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto anayemuuliza mwalimu:

"Nimepatia?"

Nilimwomba tukae faragha kando ya gari langu, maana wakati huo nilikuwa na langu. Nikamwambia yote: pipa, harufu, Meru mjini, kitambaa cha fundi, mswaki. Nilizungumza nikitazama viatu vyangu. Nilitarajia aniulize kuhusu gari.

"Fundi alikuambia dawa haikuhusika?"

"Ndiyo, Baba."

"Siku ile ile? Kabla hujanirudia pale kwenye benchi?"

"Siku ile ile."

"Gari ningekusamehe hapo hapo," alisema. "Hata uongo wa Meru, kijana hutaka kupendeza kwa wakwe. Lakini nilikuambia habari za mama yangu. Nikakuambia, halafu ukaingia ndani, ukatoka, ukaniambia ni dawa." Hakupaza sauti, na ningetamani apaze. "Miaka tisa nimeamka kila asubuhi nikijisikiliza kichwani, nikitafuta palipovunjika."

Nikasema nisamehe. Alinyoosha mkono.

"Leta funguo."

Nilimpa. Alifungua mlango mwenyewe, akakaa, akasogeza kiti, akarekebisha kioo. Alikanyaga klachi, akatikisa gia kuhakikisha iko huru, akawasha. Akatia gia ya kwanza bila kuitazama. Gari likaenda hatua kumi uani, laini, kama la mtu aliyeendesha jana, likasimama mbali kidogo na lango. Nikamkimbilia nikafungua mlango. Alikuwa ameinamia usukani, amekaza macho, yale macho ambayo mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika taratibu katika miaka aliyokaa nyumbani akiogopa kichwa.

"Nakumbuka kila kitu," alisema. "Kila kitu. Lango ndilo silioni."