Mfuko wa Kumi na Moja

Sikuomba kulinda ndege. Nilichoomba, tena kwa maandishi, ni uhamisho wa kwenda Mbale. Mama yangu alikuwa ameanguka bafuni huko huko Mbale, mtaani Namakwekwe, miguu ikakataa, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Mkuu wa gereza aliisoma barua akaikunja.

"Ngoja kwanza. Askari hawatoshi. Subira huvuta heri."

Hiyo ilikuwa barua ya tatu. Wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini askari hamjibu afande kwa methali.

Badala ya Mbale nikatumwa ufukweni. Gereza letu lilikuwa kando ya ziwa, si mbali na Jinja, na mtafiti mmoja, mama wa Kikenya, alikuwa ameruhusiwa kutega nyavu kwenye mafunjo yetu. Nilitumwa kumlinda, nikaishia kuwa msaidizi wake. Wavu ni mwembamba hata ndege hauoni. Akinasa, tunamtoa taratibu, tunamtia kwenye mfuko wa kitambaa na kuutundika kwenye kamba karibu na meza. Pale anavishwa mguuni pete ndogo yenye namba, anapimwa uzito, anaachiwa. Akinaswa tena mwaka mwingine, namba ile inatueleza alikopita, na kama wenzake bado wapo.

Kuna mmoja wa kahawia, mdogo wa kuenea kiganjani, nilimvisha pete kwa mkono wangu. Msimu uliofuata tukamnasa kwenye wavu ule ule.

"Amekwenda Ulaya akarudi," mtafiti alisema, anacheka kwa furaha.

Mimi Mbale tu, saa chache kwa gari, nilikuwa sijafika mwaka mzima. Nilimwonea wivu ndege, na sioni haya kusema.

Wiki ile ile mtafiti alikwenda kukunja nyavu za mbali, akaniachia meza. Kitabu kilisema tumetoa ndege kumi na mmoja. Kwenye kamba mifuko ilikuwa kumi. Sasa, gerezani hesabu isipotimia hatoki mtu, hata wa kwenda mahakamani, hata mgonjwa. Sikufikiri. Nilihesabu upya, nikapekua mafunjo, nikahesabu tena. Jua likapanda, likaikuta kamba.

Mtafiti alirudi akakuta mifuko yote bado imefungwa.

"Afande, mbona hujawaachia?"

"Madam, moja hakuna. Mimi nataka hesabu iko sawa kwanza."

Alinitazama kiunoni. Mfuko wa kumi na moja ulikuwa kwenye kulabu ya mkanda wangu, pale ninapotundika funguo.

"Hawa si wafungwa, afande," alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi.

Wa kiunoni aliruka. Tisa wa kwenye kamba waliruka pia. Mfuko wa mwisho, uliopigwa na jua kuliko yote, haukutikisika. Nilipoufungua niliiona namba kabla ya kumwona ndege. Ilikuwa pete yangu, ya yule wa kahawia. Nililia pale pale, mtu mzima na sare yangu.

Mchana nilikwenda ofisini kwa mkuu wa gereza bila kuitwa.

"Afande, mimi naenda kuona mama yangu."

"Ngoja kwanza, hesabu ya askari haijatimia."

"Hapana, afande."

Neno hilo sikuwahi kulisema katika ofisi ile. Alinitazama, kisha akavuta karatasi ya ruhusa na kuandika.

Niliingia Namakwekwe kesho yake. Mama alikuwa kitandani, uso kaugeuzia mlango. Marehemu baba naye alikuwa askari, kwa hiyo mama anaijua kazi yetu, na Kiswahili chake ni cha kambini. Hakunisalimia.

"Wewe wamekupa siku ngapi?"

"Mbili, mama."

Alinishika mkono, akanivuta nikae kitandani.

"Kaa basi. Moja imeisha njiani."