Manjano, Zambarau, Udongo

Nilikuwa fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka moja pale Kathonzweni, na kando yake palikuwa na redio niliyoinunua kwa pesa ya kushona yunifomu za shule. Si pesa ya mume, si pesa ya baba. Ilipokufa mara ya kwanza niliipeleka kwa fundi wa sokoni. Akaniambia moyo wake umechoka, akakaa nayo miezi miwili, akanirudishia ikiwa na kelele nyingi kuliko sauti. Ilipokufa mara ya pili nikasema potelea mbali, hata mimi nina mikono. Nikaifungua kwa bisibisi ya cherehani.

Hapo ndipo nilipoingia katika daftari la wapenda redio. Mzee mmoja wa Mwingi, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, alikuwa na duka la vyombo na betri, na alipenda redio kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Yeye ndiye aliyenunua daftari lenye jalada gumu na kulianzisha safari. Lilifungwa kwa gazeti na kamba, likapanda basi au lori, Mwingi mpaka Kitui, Kitui mpaka kwetu, kwetu mpaka Kiboko, kisha likarudi. Kila lilipofika, wewe mgonjwa wa redio unakaa nalo siku tatu nne, unajibu maswali ya wenzako, unaandika shida yako, unalipandisha gari. Hatukutumia majina. Kila mtu aliitwa kwa mahali pake. Mimi nilikuwa Kathonzweni.

Mambo yaliyoandikwa mle! Bei ya betri Kitui imepanda, Kathonzweni bado ni ile ya zamani, njooni. Waya wa shaba usinunue mpya, fungua dainamo ya baiskeli iliyokufa. Kiboko, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga pampu za maji, aliamini kwamba betri iliyoisha ukiichemsha inafufuka. Mimi nilimwandikia kwamba betri huanikwa juani, haichemshwi, na anayechemsha betri ajiandae kunywa supu yake. Utingo mmoja alipomfunulia mimi ni nani, Kiboko akaandika kwa herufi kubwa: KUMBE KATHONZWENI NI MAMA! Nikamjibu: Ndiyo, ni mama, na sufuria yako bado iko motoni.

Mzee wa Mwingi naye tulimchokoza kwa Kiswahili chake. Sisi tunasema brauni. Yeye siku moja aliandika eti waya wa hudhurungi. Nikamuuliza kwenye daftari, hiyo hudhurungi inaambukiza? Kuna dawa yake hospitalini? Daftari lilizunguka lote likarudi limejaa kicheko. Kiswahili kiliugua Kenya, mzee akajibu, na wauguzi wake ndio ninyi. Tangu siku hiyo hakuliandika tena lile neno, na mimi nilijisifu kwamba nimemshinda.

Basi redio yangu ikafa mara ya tatu. Ndani, karibu na spika, rezista moja ilikuwa imeungua ikawa nyeusi tititi. Rezista ni kidude kama punje ya mchele, kina mistari ya rangi, na rangi hizo ndizo zinazokueleza ni ya nguvu gani. Ya kwangu haikusomeka hata mstari mmoja. Nikaandika: mwenye redio kama yangu aifungue, anisomee rangi. Mwingi akajibu upande wa pili wa ukurasa, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: manjano, zambarau, udongo.

Manjano naijua. Zambarau ni papo, uzi wake ninao. Udongo ni nyekundu, nani asiyejua? Nikaagiza Kitui rezista ya njano, papo na nyekundu. Nikatia msumari mnene wa shaba ndani ya makaa ya pasi mpaka ukaiva, nikayeyusha risasi ya kulehemu, nikaiunganisha. Redio ikaimba vizuri sana kwa muda wa wimbo mmoja. Halafu nikasikia harufu. Nilipofungua, transista mbili za mwisho, zile zinazosukuma spika, zilikuwa zimekwisha, na moja ilikuwa moto wa kuunguza kidole.

Nililia, sitaficha. Nikaandika kwa hasira: Mwingi, umeniunguzia redio. Mzee akajibu kwamba yeye alisema udongo, na mwenye macho haambiwi tazama. Kiboko akaongeza: arudi kwa cherehani. Hayo niliyasoma kwa macho yangu. Baada ya hapo daftari halikuja tena. Nilingoja wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Nikamkamata kondakta wa basi kwenye stendi, nikamwuliza. Akajikuna kichwa.

"Mama, mimi nimeambiwa tu ipite. Eti isishuke hapa."

Isishuke hapa! Mimi niliyewafundisha nusu yao kuanika betri! Bila redio ningeweza kuishi. Lakini lile daftari ndilo lililokuwa mahali pekee duniani ambapo mtu aliniuliza jambo nje ya vipimo vya kiuno na urefu wa pindo, akangoja jibu langu, akalifuata. Hilo sikuwa tayari kunyang'anywa na mtu anayechemsha betri.

Siku chache baadaye mwalimu mmoja aliniletea suruali ya kupunguza, na redio yake chini ya kwapa. Ilikuwa sawasawa na yangu. Nikamwomba niifungue tu nitazame, sitagusa kitu. Njano. Papo. Mstari wa tatu, brauni. Nikatazama tena. Nikatazama miguu yangu, ambayo ilikuwa imejaa vumbi la soko, nyekundu kama kila siku tangu nizaliwe. Nikacheka peke yangu mpaka mwalimu akauliza suruali yake ina nini.

Kicheko kilipoisha, hasira ikarudi mara mbili. Nilichota udongo wa nje ya duka, nikajaza mkebe wa mafuta ya kupikia, nikafunga cherehani. Nikalala Kitui kwa binamu yangu, na kesho yake saa nne asubuhi nikawa Mwingi, nimesimama mbele ya duka la vyombo na betri, na malori ya Garissa yakipiga honi nyuma yangu.

"Hodi."

"Karibu, mama. Nikupe nini?" Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyofikiria, amevaa kofia nyeupe. Daftari letu lilikuwa pale pale, kando ya mizani.

"Mimi ni Kathonzweni."

Akavua miwani. Nikamimina mkebe wote juu ya kaunta.

"Mzee, hii ni nini?"

"Unanichafulia duka, mama."

"Nimeuliza hii ni nini."

"Ni udongo."

"Ya rangi gani?"

Mchuuzi mmoja wa mbuzi, aliyekuja kununua tochi, alisogea akachungulia. "Si ni nyekundu," akasema, kabla hata mzee hajafungua mdomo.

"Umesikia? Hiyo ndiyo udongo ya kwetu. Tunalima hiyo, tunajenga na hiyo, tukifa tunazikwa ndani ya hiyo."

Mzee akaugusa kwa kidole, akausugua. "Lahaula," akasema polepole. Kisha akageuka, akagonga mtungi wa maji uliokuwa pembeni, wa udongo wa kufinyanga, brauni kabisa. "Mimi nilikusudia huu. Hudhurungi! Nilipoandika hudhurungi, ni nani aliyeniuliza kama ni ugonjwa?"

"Ni mimi. Na hata leo bado nauliza."

Mchuuzi wa mbuzi akaangua kicheko, na mzee mwenyewe akashindwa kujizuia. Nikaona mambo yamekwisha. Yeye pia aliona hivyo, kwa sababu alivuta droo, akatoa transista mbili zilizofungwa karatasi, akazisukuma juu ya udongo mpaka kwangu.

"Chukua, mwanangu. Bure. Rudi nyumbani kwa amani, tusigombane."

Mungu ananiona, nilizitaka. Lakini aliposema nyumbani, nilielewa ni nini alichokuwa akinipa. Hivyo ndivyo unavyompa mtu ambaye humtaki mlangoni. Roho iliniuma kuliko siku ile ya harufu.

"Sikukuja kuomba, mzee," nikasema, nikamrudishia. "Nimekuja kuuliza kwa nini daftari haishuki kwangu."

"Wenzako wamesema..."

"Wenzangu gani? Kiboko na sufuria yake?"

"Daftari nililinunua mimi, mama."

"Karatasi ulinunua. Maneno je? Basi chana zangu unipe, niende nazo."

Nadhani alikusudia kufanya hivyo kweli, maana alilivuta, akalifungua. Akakuta ukurasa wangu wa kwanza. Akaugeuza, na nyuma yake palikuwa na jibu lake. Akatafuta mwingine. Swali langu, na nyuma mwandiko wake wa kulala, mistari mpaka chini, na mchoro wa spika aliouchora kwa rula. Akaendelea hivyo kurasa sita, saba. Hakukuwa na karatasi yangu moja ambayo angeichana bila kujichana mwenyewe.

Mzee akafungua ukurasa mpya, akanigeuzia, akaweka kalamu katikati.

"Haya. Andika."

Alidhani nitaandika malalamiko. Nilikuwa nimeyabeba tangu Kathonzweni, yamejaa kifua, ningeweza kuzijaza kurasa kumi. Nikapangusa mkono kwenye sketi, nikaandika: Kathonzweni anauliza. Transista mbili za mwisho zimeungua. Nani anazo, na ni bei gani?

Nikamgeuzia. Alivaa miwani, akasoma. Kisha akaandika chini yake, bila haraka, naye hakunitazama: Mwingi anajibu. Ninazo. Bei ni ile ile ya kila mtu.

Nikafungua fundo la leso yangu, nikamlipa yote pale pale, na sikumwomba apunguze hata senti.