Niliporuka Foleni ya Simu ya Uholanzi

Leo nimeongea Kiholanzi! Mimi, ninayeinamisha kichwa hata mwalimu akiita jina langu kwenye mahudhurio.

Baba mdogo aliondoka kwenye kambi ya wakimbizi kwenda Uholanzi kabla sijazaliwa. Binti yake tunalingana umri, ila Kiswahili hajui, na Kirundi chake kinaishia kwenye salamu. Jumapili tukitoka kanisani wanapiga simu ya video, na kwetu Mugoma simu inazunguka kwa umri: bibi kwanza, kisha baba, mama, kaka, mimi mwisho. Bibi huulizia sana ng'ombe wa huko. Ikinifikia mimi, bando limekata. Mwaka mzima huyo dada ananipungia mkono tu, na mimi ninachotaka ni kuongea naye.

Basi nimekuwa nikijifunza kwenye simu ya kaka, kule juu migombani ambako mtandao unashika. Sisi tukisema "najiosha", ile "ji" imekaa tumboni mwa kitenzi. Wao wanaitoa nje, inasimama peke yake: ik was me. Na kitenzi chao king'ang'anizi! Ukianza na "leo", hakibanduki nafasi ya pili, "mimi" ndiyo inaruka nyuma yake: vandaag was ik me. Ukiuliza swali, kinakimbilia mbele kabisa. Siku nilipoelewa hilo nilipiga kelele, mbuzi wakashtuka. Sentensi ya kwanza kuniingia kichwani ilikuwa ik schaam me, naona aibu. Hiyo haikuhitaji mazoezi.

Leo bibi bado yuko kwenye maswali ya ng'ombe, na kule kwenye simu dada ameshika shavu nyuma ya baba yake. Nikajikuta nimeropoka juu ya bega la bibi:

"Verveel je je?"

Baba akanigeukia. "We mtoto! Bibi yako anaongea!"

Lakini kule dada aliruka kitini. "Ja! Ja!" Baba mdogo akacheka mpaka simu ikamponyoka.

"Umemwambia nini mwenzako?" bibi akauliza.

"Nimemuuliza kama anachoka kukaa bure hapo, bibi."

"Naye?"

"Anasema ndiyo. Tena sana."

Bibi akanitazama. Nikajua nimekwisha. Kisha akaniwekea simu mkononi. "Si mngesema mapema? Hata mimi maswali ya ng'ombe yameniisha."

Dada akamwaga maneno mfululizo, mengine hata sijawahi kuyasikia. Nilidaka mawili tu, bibi na likizo. Nikajibu "Ja!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Bando likakata.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Sijui vizuri. Kuna bibi, kuna likizo."

"Na wewe?"

"Nimekubali."

"Labda umekubali kuolewa huko," kaka akasema.

Mama hakucheka. Alikuwa ameshaingia ndani kutafuta godoro la wageni.