Uso wa Binti Kwenye Pakiti ya Sumu

Dada yangu amechora picha za vitabu vya shule miaka ishirini na miwili, na muda wote huo hajawahi kusoma karatasi aliyotia saini. Nasema hivi kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, maana mara nyingi nilimsindikiza.

Kwa mchapishaji, mchoro uliokwisha kukauka uliwekwa mezani kifudifudi ili mikono isiuchafue. Karani aligonga muhuri mgongoni mwa karatasi, dada akasaini chini yake, basi. Muhuri ulikuwa na mistari minne ya herufi ndogo kama chawa. Sisi tulidhani ni risiti.

Mwaka mmoja alichora jalada la kitabu cha darasa la kwanza. Msichana anayecheka pale alikuwa binti yake, miaka sita, pengo la meno mawili mbele. Alimkalisha kwenye kiti cha jikoni, akamhonga biskuti ili atulie. Mwaka uliofuata homa ilimchukua mtoto. Picha nyingine yake hatuna.

Mwezi wa pili mwaka huu nilienda dukani kununua sabuni. Kwenye rafu nikaona pakiti za sumu ya panya, na juu yake mwanetu, na pengo lake, anacheka. Nilinunua moja nikampelekea dada, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Aliiweka mapajani, akashika tama.

"Wamtoe," akasema. "Sitaki kingine. Wamtoe mwanangu hapo."

Tukaenda kwa wakili, mama mmoja mpole, aliyekwisha kuomba kwa mchapishaji nakala ya mchoro, mbele na nyuma.

"Siku ulipomaliza kuchora, haki ya kunakili ilikuwa yako, hata bila kuiandikisha popote," alimwambia dada. "Na kuwapa karatasi tu kusingekuondolea haki hiyo."

Dada akachangamka. "Sasa shida iko wapi?"

Wakili akageuza nakala, akaonyesha ule muhuri. "Hapa. Umewahamishia wachapishaji haki zote, kwa matumizi yoyote, na umesaini. Wao wakawapa ruhusa watu wa kiwanda cha sumu."

"Lakini uso ni wa mwanangu!"

"Sheria hii inalinda mchoro, dada yangu. Haiulizi uso ni wa nani."

"Sikusoma."

"Najua. Wengi hawasomi."

Dada akauliza kama hakuna chochote kilichobaki kwake. Kipo kimoja, wakili akasema, nacho hakikuhama na saini ile: haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyechora. Hapo kiwanda kilikosea, maana jina lake halikuwamo kwenye pakiti.

Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kiwanda kiandikiwe barua. Nilitaka angalau wasumbuke kidogo. Kwa kiherehere changu sikumuuliza dada anataka nini.

Kiwanda kilijibu upesi, kwa adabu, kikaomba radhi. Pakiti mpya zikatoka. Chini ya kidevu cha mtoto, kwa herufi nzuri za kusomeka, wameandika jina kamili la mama yake.

Juzi jirani alikuja mbio na pakiti mkononi, meno nje. "Hongera, jirani! Kumbe ni wewe! Na huyu mtoto umemchora, jamani, utadhani yuko hai."

Dada akamwambia asante.