Kipande kwa Kipande

Aikande aliletwa Kigoma na kazi, akabakizwa na ubishi. Huko kwao Moshi kila mtu alimwambia hatamaliza mwaka, na maneno hayo yalitosha kumfanya apange nyumba Mwandiga na kununua kabati. Alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta, mwepesi wa kucheka, mzito wa kushauriwa. Jambo moja alilishika kama dini: mfumo hujengwa kipande kwa kipande. Unatengeneza kidogo, watu wanatumia, wanalalamika, unarekebisha, unasonga mbele.

Thobias, mwenzake ofisini na mwenyeji wa Kalinzi, aliamini kinyume. Kwake yeye kila kitu kipangwe kwanza, mwanzo hadi mwisho, kitiwe sahihi, ndipo mtu aguse kompyuta. Walipopewa kutengeneza mfumo wa kupokelea kahawa wa ushirika mmoja huko Kalinzi, walibishana kila mchana wakila ugali na samaki wa migebuka. Mwishowe Thobias akanyoosha mikono.

"Haya, dada, tufuate njia yako. Ila wewe ni mgeni, wazee hawatakwambia la moyoni. Wataniambia mimi, kwa Kiha."

Aikande akamshukuru sana. Maskini!

Halmashauri ya ushirika iliwapa muda hadi mavuno. Njia ya Aikande ikifaa, ataendelea kuongoza kazi. Isipofaa, kazi itaanza upya chini ya mwingine.

Kila kipande kilipokamilika walipanda Kalinzi kwa pikipiki. Wakulima walitazama, wakapiga makofi ya heshima, wakasema, "Ni nzuri, mwanangu, ni nzuri." Aikande hakuwa mjinga, alijua huo ni ukarimu tu. Pale neno chungu halirushwi usoni kwa mgeni, hupitia kwa aliyemleta. Basi alijitenga, akasimama penye pikipiki huku akiwapungia mkono na kutabasamu, ili Thobias abaki nao wamtolee ya moyoni.

"Wamesemaje?" alimuuliza kila mara wakiteremka.

"Wameridhika. Tuendelee."

Wakaendelea hivyo hadi kahawa ikaiva na halmashauri ikaketi. Thobias alisimama wa kwanza. Bila kumtazama Aikande alieleza kwamba mtandao ukikatika uzito uliopimwa hupotea. Akaeleza kwamba mfumo unatambua jina moja tu kwa kila shamba, hata kahawa ya mjane kama Mama Rozalia inaandikwa kwa jina la shemeji yake.

"Wakulima wamelalamika tangu kipande cha kwanza," alisema. "Hakuna kilichorekebishwa. Njia hii haifai."

Mwenyekiti akawauliza wakulima kama ni kweli.

"Ego," wakaitikia wote. Ndiyo.

Kazi ikaamuliwa ianze upya, ipangwe yote kwanza, Thobias aongoze. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, nao husema hivyo kirahisi kwa sababu siku hiyo hakijawauma wao. Aikande alimfuata Thobias mlangoni.

"Yote hayo uliyajua. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungerekebisha," Thobias akajibu taratibu, akatoka.

Uani Aikande alimkuta Mama Rozalia amekaa kwenye benchi na kitenge mabegani.

"Shikamoo, mama."

Mama yule aliiacha shikamoo ikining'inia. "Kila mlipokuja nilimwambia Thobias akwambie," alisema. "Mashina yale niliyapanda kwa mikono yangu. Halafu nakuona pale penye pikipiki, unatupungia, unacheka. Nikasema, huyu binti anafurahi mimi kunyang'anywa."

"Mama, sikuambiwa. Wallahi, sikuambiwa hata moja."

Mama Rozalia alimtazama kama mtu anayesikia uongo wa mtoto. Kisha akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akavuka ua kwenda kumshika Thobias mikono yote miwili na kumshukuru kwa kumsemea.