Kamba Niliyoifunga Bondeni

Kosa langu la kwanza katika siku zile lilikuwa kufunga kamba. Niliifunga vizuri. Nilipima kimo chake kwa kiuno changu, nikaivuta mpaka ikanyooka, kisha nikalirudia fundo la kushoto kwa sababu halikufanana na la kulia. Hakuna aliyeniambia nirudie. Ndivyo nilivyo: kitu kikipinda kidogo, nakosa raha mpaka kinyooke.

Lakini nianze na Jumamosi ya kabla yake, siku ambayo hakuna kati yetu aliyefikiria kamba.

Tulikuwa tunapura maharage kwa shangazi yangu Yuditha, upande wa Mabamba, kwenye kilima ambacho ukisimama juu yake unayaona mashamba ya Burundi ng'ambo ya bonde. Evaristi alikuwepo. Alikuwa Mrundi wa kilima cha pili, na kila msimu wa mavuno alivuka mto kuja kutusaidia, kama baba yake alivyomsaidia babu yangu. Yeye alipiga maganda kwa fimbo. Mimi nilipanga magunia, makubwa nyuma na madogo mbele.

"Bwana mdogo," Evaristi aliniambia, "wewe siku ukioa utampima mkeo kwa rula."

"Na akipungua?" shangazi akauliza.

"Atarudishwa kwao akamalizie kukua."

Walicheka sana. Mimi nilinuna kidogo, kisha nikacheka nao, lakini magunia sikuyaacha.

Jioni shangazi alileta pombe ya ndizi. Alimimina, akanywa funda moja mbele yetu, ndipo akampa Evaristi. Kwetu Waha ndivyo ilivyo, na kwa Warundi vilevile: mwenye kinywaji huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna kitu kibaya ndani. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu utotoni, kiasi kwamba nilikuwa silioni tena. Baadaye Evaristi alikunja suruali, akavuka mto, akarudi kwao. Mpaka wa nchi kwetu ulikuwa maji ya magotini.

Wiki iliyofuata redio ilisema mji wao mkuu umechafuka. Siku chache baadaye tukasikia bunduki kwenye vilima vya ng'ambo, mbali, kama mtu anayepasua kuni. Kisha watu wakaanza kuvuka.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Balitazari, hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke mapema. Alikuwa ameonywa kwamba mwenyeji atakayemlaza mgeni bila taarifa atajibu yeye mwenyewe, na alikuwa amesikia kwamba kipindupindu kinatembea na watu wanaokimbia. Aliogopea kijiji chake. Alituita akasema, "Wakae bondeni mpaka gari la wilaya lije. Asiingie mtu nyumbani kwa mtu." Kisha akanigeukia. "Wewe kijana wa utaratibu, simamia."

Sitaficha kwamba nilifurahi. Niliishia darasa la saba. Mengine yote nilijifundisha mwenyewe, na vijitabu vya afya vilivyobaki kwenye zahanati nilivijua karibu kwa moyo. Nilijua jinsi kipindupindu kinavyotoka mkononi kwenda mdomoni. Nilikuwa nimesubiri miaka mtu aniulize.

Njia ya kutoka mtoni kupanda kijijini ilipita katikati ya mikaratusi miwili. Kushoto kwake ni kinamasi, kulia ni kichaka cha miiba. Niliunga kamba za mbuzi nikaifunga njia hiyo, mti kwa mti. Upande wetu niliweka ndoo za uji wa ulezi na vikombe nilivyovisuuza kwa maji ya dawa. Upande wao walikaa wao, kwenye nyasi, na waliendelea kuongezeka.

Kila kitu kilikuwa kama nilivyotaka. Nilichota, nikanyoosha mkono juu ya kamba, wakapokea, wakashukuru. Kisha wakaweka vikombe chini.

Hawakunywa.

Nilidhani ni harufu ya dawa. Nilisuuza vikombe upya. Nilitoa uji mwingine, wa moto zaidi. Walipokea tena, wakashukuru tena, wakaweka chini tena. Wengine walikuwa wametembea kwa siku nzima bila maji.

Kati yao nilimwona Daforoza, mke wa Evaristi, amempakata mwanawe Nestori. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na midomo imepasuka. Dalili hizo nilizisoma kwenye vijitabu vyangu. Mtoto yule alihitaji kunywa saa ile, si baadaye.

"Evaristi yuko wapi?" nilimuuliza.

"Yuko nyuma. Anambeba mama yake." Alisema kwa Kirundi, ambacho sisi tunakisikia bila shida.

"Mpe mtoto uji basi."

Aliangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Wanasema kule mbele watu walipewa uji, wakafa."

"Kule wapi? Nani kasema?"

"Wanasema."

Nilianza kumweleza kuhusu usafi wa vikombe. Nilieleza kwa mpangilio, hatua kwa hatua. Alinisikiliza kwa adabu, na mtoto hakunywa.

Shangazi Yuditha alishuka akiwa na ndoo nyingine kichwani. Aliitua, akatazama vikombe vilivyojaa kwenye nyasi, akanitazama.

"Nani ameonja?"

Sikumwelewa.

"Nakuuliza wewe. Umewapa watu kinywaji, nani ameonja?"

"Shangazi, hatupaswi kuchangia vikombe. Kuna ugonjwa."

"Nani kasema mchangie? Huna kikombe chako?"

Aliinua kamba, akainama, akapita chini yake, mama mtu mzima na kitenge chake. Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu.

"Yuditha, umevuka," alimwambia.

"Nimevuka nini, Mwenyekiti? Hii ni kamba ya mbuzi wangu."

Watu wachache wakacheka, wa pande zote mbili. Shangazi aliniamuru nimpitishie ndoo. Alichota kwa kikombe chake mwenyewe kutoka kila ndoo, akanywa mbele yao, pole pole, na kila aliponywa aliwaangalia usoni. Kisha akakaa kwenye nyasi karibu na Daforoza na kuwasalimu kwa Kirundi, "Amahoro," yaani amani.

Daforoza alimnywesha mtoto. Mzee mmoja alinywa. Halafu wote.

Vikombe vyangu vilibaki safi, kila mtu na chake. Hakuna kanuni hata moja ya vijitabu vyangu iliyovunjwa. Nilichokosa ni kuwatendea kama wageni. Niliwatendea kama ugonjwa wenye miguu, na wao walilisoma hilo kwangu kabla sijalisoma mwenyewe.

Hapo ningeweza kuifungua kamba. Nimelifikiria sana jambo hili. Niliiacha kwa sababu mwenyekiti hakusema, na kwa sababu bado ilikuwa imenyooka.

Ilikuwa mchana, jua kali. Risasi ya kwanza haikufanana na kuni. Ilipita juu yetu, na majani ya mkaratusi yakadondoka.

Vijana wenye bunduki walikuwa wametokea kwenye matete ya ng'ambo.

Watu waliinuka kwa pamoja. Wakakimbilia njia pekee iliyokuwepo.

Kamba ikawashika kiunoni. Wa mbele walisimama, wa nyuma wakawasukuma. Mtu akaanguka. Mtoto akalia.

Nilikwenda kwenye fundo la kushoto. Lile nililolirudia.

Halikufunguka.

Nilitumia kucha. Nilitumia meno. Kamba ilikuwa imevutwa na uzito wa watu wote wale, na fundo langu lilikuwa zuri.

"Toka," mtu alisema nyuma yangu.

Alikuwa Mzee Balitazari. Alinisukuma, akainua panga lake, akaikata kamba.

Watu walipita. Shangazi alipita na Nestori mgongoni. Daforoza hakupita. Alisimama kando ya mti, amegeukia mtoni.

Evaristi alikuwa ameshavuka. Alikuwa upande wetu, nyuma kabisa ya wale waliokwama, mama yake mgongoni. Alimtua mama, akamsukuma mbele yake kwenye njia iliyofunguka.

Risasi ilimpata hapo. Alikaa chini, kama mtu aliyechoka.

Milio ikakoma, na vijana wale wakarudi kwenye matete. Sijui kwa nini. Mimi na mwenyekiti tulishuka tukambeba Evaristi mpaka kwenye kigango cha kanisa juu kilimani. Njiani aliuliza kama mama amepita. Nilimwambia amepita. Hakuuliza kitu kingine, na kabla hatujafika juu alikuwa amekufa.

Tulimzika kwenye shamba la kahawa la shangazi. Mwenyekiti alichimba pamoja nasi.

Nimepima mara nyingi sehemu yangu katika kifo kile. Siwezi kusema kamba ilimuua. Aliyemuua ni mtu aliyevuta kifyatulio, na huyo ana jina lake na Mungu wake. Lakini njia ingekuwa wazi, wa mbele wangekuwa juu, na Evaristi asingekuwa na mtu wa kusubiri. Hayo mawili ni kweli kwa pamoja. Zamani nilitaka moja lifute jingine ili nipumzike. Sasa nayabeba yote mawili, na natembea.

Jioni ile mwenyekiti aliita mkutano mbele ya kigango. Aliongea kwa kifupi. "Niliwaambia asiingie mtu nyumbani kwa mtu. Nilikosea. Nani ana nafasi?" Mikono ilinyooshwa mpaka ikazidi familia za wageni. Daforoza, mama mkwe wake na Nestori walilala kwa shangazi. Hakuna aliyeugua. Gari la wilaya lilipokuja, wageni walipelekwa kambi ya Nyarugusu, na afisa aliyeandikisha watu alimuuliza mwenyekiti kwa nini walikuwa majumbani. "Kwa sababu ndimo watu wanamokaa," mwenyekiti alimjibu. Hakushtakiwa.

Siku hizi nafanya kazi Kasulu, ya kuchimba visima vifupi na kuvijengea, ufundi mwingine niliojifundisha mwenyewe. Nikipata ruhusa ya kuingia kambini huwa naenda kumsalimia Daforoza. Anauza vitunguu na dagaa karibu na Wakongo wanaomwita "maman Nestor". Mama mkwe wake alifariki huko huko. Nestori amekua mrefu kuliko mimi, na anacheka kama baba yake, jambo ambalo bado halijanizoea, au mimi sijalizoea.

Mwaka huu nilihudhuria mkutano wa hadhara ambapo mtu mmoja aliyetaka kura zetu alisema dawa ya wakimbizi ni ukuta. Waya kuzunguka kambi, waya mpakani, wasionane na sisi sokoni wala shambani. Watu walipiga makofi. Nilinyoosha mkono, ingawa kuongea mbele za watu nikikosea neno moja hunitesa wiki nzima.

"Kaa chini, Mrundi," kijana mmoja alipaza sauti, na wenzake wakacheka.

Nilitaka kujibu kwamba mimi ni Muha, nitaje babu na babu wa babu. Kisha nikaona haina haja.

"Haya, na niwe Mrundi," nilisema. "Swali langu kwa mheshimiwa ni hili. Mtu akija anakimbia risasi, na mtoto mgongoni, huo ukuta wako una mlango upande gani, na ufunguo anao nani?"

Alisema swali ni zuri na litafanyiwa kazi. Makofi yalikuwa machache kuliko ya kwanza, lakini yalikuwepo, na mama mmoja muuza mihogo aliniita baadaye akataka nimsimulie yaliyonipata. Nilimsimulia yote, pamoja na fundo.

Sidhani huruma ni udhaifu katika kuendesha nchi. Nimeona kijiji kizima kikiendeshwa kwayo, na mambo yakaenda. Watu walilala, watoto walinyweshwa, ugonjwa haukuingia. Kwa hofu tulikiendesha asubuhi moja tu, na tulizika mtu.

Mzee Balitazari amestaafu uenyekiti. Kabla hajaondoka alileta pendekezo kwenye mkutano wa kijiji, akawa wa kwanza kulinyooshea mkono, na likapita. Tangu hapo, kwetu, anayevuka mto akikimbia hupelekwa kwanza kwenye nyumba, akakaa, akanywa; ndipo viongozi wanaarifiwa, siku hiyo hiyo. Wamevuka wengine mara kadhaa tangu wakati ule, na ndivyo tulivyofanya.